Chambo bandia kwa maji yaliyotibuka: rangi ni jambo la tatu

MvuviWaJioni (mwenye uzi)

Wadau, habari za jioni. Mvua ikishashika Nyandarua na Mto Malewa ukaanza kushuka na udongo wake, jukwaa hili hujaa swali moja: maji ya Ziwa Naivasha yamekuwa chai ya maziwa, nitupe rangi gani? Mtu anapewa orodha ya rangi kumi na mbili, anaingia dukani anaacha elfu tano, na Jumapili jioni yuko kwenye foleni ya Mai Mahiu na ndoo tupu. Nimechoka kujibu vipande vipande. Leo naandika yote, chukueni kiti.

Kwa maji ya namna hii, la kwanza ni chambo kipite wapi, la pili kitikise maji kiasi gani, na rangi inakuja ya tatu. Wauzaji wanaipindua orodha hiyo kwa sababu rangi ndiyo inayong'aa kwenye kabati la kioo.

Lakini kwanza jiulize unamtafuta nani. Chambo bandia ni cha samaki anayewinda. Naivasha ya leo imejaa karpu, aliyeanza kuonekana kwenye nyavu mwaka 2001 na ndani ya miaka kama kumi akawa ndiye samaki mkuu wa ziwa. Huyo hana haja na kijiko chako, kile chambo cha chuma chenye umbo la kijiko. Mpelekee donge la ugali au punje za mahindi, na chubwi ndogo ya kuzamisha ndoana. Ngege (tilapia) naye mnyoo unamtosha. Anayefaa kutupiwa chambo bandia ni besi, yule wa mdomo mpana aliyeletwa kutoka Marekani miaka ya 1920, na kwa kiasi fulani mumi, yaani kambare. Tena karpu huyo huyo ni mmoja wa wanaotutibulia maji: hula kwa kufukua tope, kwa hivyo hata kiangazi ziwa halitulii kama wazee wanavyolikumbuka.

Sasa besi akiwa kwenye maji asiyoona mbele hafanyi doria. Anasogea kwenye kina kifupi na kujibana kwenye kitu: shina, jiwe, ukingo wa mafunjo, nguzo ya gati. Naivasha sasa hivi ina neema ya pekee, ile migunga iliyokufa imesimama majini tangu ziwa lilipopanda mwaka 2020. Kila shina ni nyumba. Ukitupa mita tatu pembeni ya shina umetupa bure.

Kwa nini mita tatu ziwe nyingi? Samaki ana mstari wa ubavuni, safu ya vitundu vyenye chembe za kuhisi maji yanavyosukumwa. Chombo hicho hufanya kazi hata usiku wa giza, lakini umbali wake ni mfupi mno, kama urefu wa mwili wake mara moja au mbili. Besi wa sentimita 40 anahisi mtikisiko wa chambo kikiwa karibu kumgusa. Sauti ya njuga au gololi inasafiri mbali zaidi na anaisikia kwa masikio ya ndani, ila sauti humwambia tu kuna kitu. Mahali hasa kilipo, mstari wa ubavuni ndio unaomalizia. Ndiyo maana shina moja unalitupia mara tano, sita, kila upande, kabla ya kusogea. Na unavuta polepole, kwa mwendo usiobadilika. Kwenye maji safi ukikatizakatiza mwendo besi anasisimka. Hapa anakikosa tu chambo, anauma maji.

Aina za chambo ninazobeba mimi:

Spina, chambo chenye bapa la chuma linalozunguka kikivutwa; yangu ni ya bapa la mviringo. Kuna bapa jembamba kama jani na kuna la duara lenye kina. La jani linang'aa na kwenda kasi, ni la maji safi. La duara linasukuma maji mengi na unalihisi likigonga hadi kwenye mpini wa fimbo. Usipohisi kugonga huko mkononi, ama unavuta polepole kupita kiasi au kuna jani limenasa. Faida nyingine: ile yenye waya uliokunjwa hupita kwenye matawi bila kunasa ovyo.

Samaki wa plastiki mwenye gololi tumboni. Mnene, mwenye ulimi mfupi wa kukaa kina kifupi. Mgonge kwenye mti kwa makusudi. Anapogonga na kuyumba ndipo anapoumwa.

Jigi (ndoana yenye kichwa cha uzito) nzito nyeusi au ya kahawia iliyoiva, yenye mkia wa mpira wa kucha mbili. Hii ni ya chini kabisa, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa Naivasha. Mwaka 1970 waliletwa kamba wekundu wa maji baridi, wenye asili ya Marekani, na besi wakubwa wa pale wanawala sana. Iburute chini, iache itulie, iburute tena. Kamba haogelei juu juu akipiga kelele.

Basi. Aina tatu. Mshipi nao usiwe mwembamba. Kwenye tope samaki haoni mshipi, na migunga inakata. Mimi natumia wa kusukwa wa ratili 30.

Kanyoro_wa_Ruiru

Uzi mzuri, mkuu. Swali: "maji yametibuka" ni kiasi gani? Bwawa letu huku huwa kijani mwaka mzima, si la udongo. Ni kitu kimoja?

MvuviWaJioni

Si kitu kimoja, na umeuliza vizuri. Udongo ni chembe zinazoelea, na kwa kawaida hukaa sana karibu na mito na fukwe zinazopigwa na upepo. Kijani ni mwani. Kwenye mwani angalia saa: alfajiri sana hewa ya majini huwa imepungua kwa sababu usiku kucha mwani nao umekuwa ukiitumia, kwa hivyo samaki huwa wazito. Subiri jua lipande kidogo.

Kupima, chukua kifuniko cheupe cha ndoo ya rangi ya lita 20. Toboa katikati, funga kamba yenye fundo kila sentimita 10, ning'iniza jiwe chini. Shusha upande wa kivuli wa boti mpaka kipotee machoni, hesabu mafundo. Padri mmoja wa Kiitaliano, Angelo Secchi, alianza na sahani nyeupe mwaka 1865 na wanasayansi wa maziwa mpaka leo wanashusha sahani. Kikipotea baada ya mita moja, vua kama kawaida. Kati ya sentimita 30 na 60, ndiyo hali ninayoiandikia hapa. Chini ya 15, mimi natafuta upande mwingine wa ziwa au nafunga mnyoo.

DaktariMshipi

Naomba kupinga kidogo. Kila anayefundisha uvuvi anasema nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kupotea majini. Sasa mbona watu wanauziwa vyambo vyekundu na vya machungwa vya "maji machafu"? Huo si wizi?

MvuviWaJioni

Nyekundu hupotea ya kwanza kwenye maji safi ya kina kirefu, kama baharini. Kwenye maji ya ziwa yenye udongo na majani yaliyooza mambo yanageuka: buluu ndiyo inayomezwa mapema, na mwanga unaobaki ni wa manjano, machungwa na wekundu. Kwa hivyo hapo chini kila kitu kina rangi ya kutu.

Lakini usikimbilie kununua chekundu bado. Kama mandhari yote ni ya machungwa, chambo cha machungwa kinajificha humo humo. Anachohitaji samaki ni tofauti, kivuli kinachokatiza. Ndiyo maana nyeusi inashinda kwenye udongo, hasa chambo kikipita juu ya samaki, kwa sababu anakitazama kikiwa mbele ya mwanga wa angani. Kwenye maji ya mwani, mandhari ni ya kijani, na hapo nyekundu au nyeupe inajitokeza kuliko ile manjano-kijani inayosifiwa na kila mtu.

Wakili_wa_Besi

Niongezee hapo kwa sababu jambo hili lilinifurahisha. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2019 kuhusu macho ya besi wa mdomo mpana. Ana aina mbili tu za seli za kuonea rangi, za kijani na za nyekundu. Sisi tuna tatu. Walimfundisha achague rangi, akawa hodari kwenye nyekundu na kijani, lakini manjano-kijani aliichanganya na nyeupe, na buluu akaichanganya na nyeusi.

Sasa hesabu mwenyewe. Sanduku lako lenye jigi nyeusi, nyeusi yenye buluu, na buluu iliyoiva: kwa besi hiyo ni jigi moja. Umelipia tatu.

MvuviWaJioni

Wakili, hii naomba ibandikwe juu ya jukwaa.

DaktariMshipi

Nimekubali kwenye buluu. Ila kwenye nyekundu bado nina shaka kidogo, nitaenda na vyote viwili siku moja, mwani na udongo, nilete picha.

Tupa_na_Nyundo

Mimi ni mtu wa chuma, kwa hivyo niongee yangu. Acheni kununua vijiko vya dukani. Nenda Gikomba kwenye vyombo vya mitumba, tafuta kijiko cha mezani cha zamani, kile kizito kisichopinda kwa vidole. Vya siku hizi ni vyepesi, vinapeperuka tu majini.

Kata mpini kwa msumeno wa chuma pale shingoni. Kinachobaki ni kibakuli cha kijiko, na hicho kina umbo la kutikisa maji tayari. Sasa tundu. Watu wengi hutoboa tu na kuondoka, kisha wanalalamika mshipi umekatika. Ukipiga msumari kwenye chuma, upande wa pili hutoka ukingo mkali kama wembe, hata hauonekani vizuri kwa macho. Pitisha kidole taratibu utausikia. Uondoe kwa tupa ndogo ya mviringo, kisha kipande cha msasa, mpaka pamba ipite humo bila kunasa uzi. Huko Kamukunji fundi akikutobolea kwa mashine, mwambie apitishe biti kubwa kidogo pande zote mbili ili tundu liwe na mdomo laini. Dakika mbili tu, na hawaongezi bei.

Pete upande mmoja, ndoana ya meno matatu upande wa pili. Ukitaka kizito zaidi, usiyeyushe risasi jikoni kwenu, mvuke na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Funga nati ya chuma kwenye mshipi, mbele ya kijiko.

Kupaka rangi: mgongo mweusi, tumbo acha wazi. Rangi ya kucha ya dada yako inakaa vizuri, weka mikono miwili.

MamaMtumbwi

😂 Rangi ya kucha ya dada! Hapa kwangu imeshaisha na sijui nani alichukua, sasa nimejua.

Kaka Tupa, na ile njuga inatengenezwaje? Hivi vya mpira laini havina sauti.

Tupa_na_Nyundo

Mama, chukua kalamu ya biro iliyokwisha, ule mrija wa ndani ni mwembamba sana, tumia ganda la nje. Kata kipande cha sentimita mbili, tia gololi mbili ndogo za baiskeli, ziba pande zote kwa gundi kali na uache ikauke usiku mzima. Kisha unakichomeka ndani ya tumbo la chambo cha mpira. Gololi mbili, si nne. Nne zinabanana, hazigongi.

NyarNam

Wandugu wa Naivasha mmejisahau, kuna ziwa linaitwa Victoria. Ghuba ya Winam ni tope na mwani kwa pamoja, na mbuta (sangara) wapo. Mjomba wangu wa kule ufuo wa Dunga hatumii plastiki hata siku moja, yeye ni samaki hai tu. Lakini wageni wanaokodi boti kwenda mbele, nje ya ghuba, huvuta plastiki kubwa nyuma ya boti, za urefu wa kiganja na zaidi, za kuzama kina kirefu. Kwa mbuta hiyo ndiyo njia, boti itembee polepole. Haya mashina yenu ya migunga kwetu hayafanyi kazi.

Na gugumaji nalo liheshimiwe. Upepo ukigeuka, linafunga njia ya kurudi ufukweni.

MvuviWaJioni

Dada, kweli kabisa. Mbuta mkubwa anafuata kina na makundi ya samaki wadogo, si shina. Kwa hivyo kwa ndani ya ghuba, wewe ungemshauri mtu abebe chambo bandia au aache?

NyarNam

Ndani ya ghuba, pale karibu na Kisumu? Aache. Anunue mbuta sokoni Dunga, ale, apige picha na boti.

Kanyoro_wa_Ruiru

😂😂

Babu_wa_Kihoto

Vijana wangu, nimesoma yote, mmeongea vizuri mambo ya samaki lakini hakuna aliyetaja kiboko. Mnasema tupieni kwenye mafunjo, kwenye kina kifupi, alfajiri. Hapo hapo na saa hiyo hiyo ndipo kiboko anarudi majini kutoka kula nyasi. Na maji yakiwa ya tope humwoni akiwa chini. Mtu akisimama kati yake na maji, hana mjadala naye.

Msivue mkisimama majini. Kodini boti na mwenye boti anayejua ziwa, kwenye fuo za Kamere au Karagita, na mkubaliane bei kabla hamjapanda. Mwambieni agonge ubao wa boti akikaribia mafunjo, kiboko akisikia atainua kichwa. Saa sita mchana upepo unaanza, mawimbi ya ziwa hili yamezamisha watu waliojiona hodari. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe. Na leseni mpitie ofisi ya uvuvi muulize, pamoja na kama kuna wakati uvuvi umefungwa.

MvuviWaJioni

Mzee wetu, shikamoo na asante. Nakubali yote. Nikiongezea palepale: mahali pazuri zaidi siku za mvua ni kule kaskazini Malewa inapoingilia, kwa sababu kuna mpaka unaoonekana kwa macho, upande mmoja maji ya kahawia na upande wa pili yaliyotulia. Besi hukaa upande wa kahawia wakivizia wanaopita kwenye upande safi. Tupa kwenye safi, vuta kuingia kwenye tope. Lakini ni makao ya viboko, kwa hivyo pale mimi hubaki ndani ya boti, mbali na mafunjo.

Babu_wa_Kihoto

Marahaba. Ubaki mbali zaidi ya hapo unapofikiria.

Mwanafunzi_KU

Samahani wakubwa, mie ni mgeni. Fimbo nimepewa na binamu, nina elfu mbili tu ya vyambo. Kwenye bwawa la Masinga nasikia kuna mumi wakubwa. Ninunue nini?

MvuviWaJioni

Karibu sana. Kama ni mumi, punguza matarajio kwenye chambo bandia. Mumi ana sharubu, anatafuta kwa harufu na kwa kupapasa, na Masinga tope ni la kudumu kwa sababu Tana inashusha udongo tangu bwawa lilipokamilika 1981. Anauma spina ikiburutwa chini polepole, lakini kipande cha matumbo ya kuku kwenye ndoana moja kubwa kitakupa samaki haraka kuliko chochote nilichoandika hapa juu.

Kwa hiyo elfu mbili igawe hivi. Spina moja ya bapa la duara, jigi nyeusi mbili kwa sababu moja utaiacha kwenye mti, pakiti moja ya mikia ya mpira yenye kucha. Kijiko mfuate Tupa na Nyundo. Zinazobaki nunua ndoana nzuri, kwa sababu za bei ya chini zinanyooka. Besi mwachie Naivasha, Masinga nenda na matumbo ya kuku. Na kule kuna mamba, kwa hivyo maneno ya Mzee yanahusu huko pia.

Mwanafunzi_KU

Asante. Jigi ikinasa kwenye mti naitoaje bila kuikata?

Tupa_na_Nyundo

Usivute kwa nguvu, unaizamisha zaidi. Legeza mshipi kabisa, sogeza boti mpaka upande wa pili wa mti, vuta kutoka huko ilikoingilia. Ikikataa, chukua kufuli kuukuu, fungulia upinde wake, upitishe kwenye mshipi ulionyooka na ulifunge, huku umelifunga kwenye kamba yake lenyewe. Liache liteleze chini likagonge jigi. Uzito wake mara nyingi unaiachisha. Kufuli kuukuu Gikomba zimejaa, hata lisilo na ufunguo linafaa bora upinde ukae.

MamaMtumbwi

Jumamosi ijayo mimi na mume wangu tunaenda Karagita, gari lina nafasi mbili. Tunatoka Kangemi saa kumi na nusu alfajiri, mafuta tunachangia. Mwanafunzi, kama unataka kuona besi kabla ya Masinga, njoo. Kifuniko cha ndoo ninacho.